Mtoto Anayejua Kusalimia

(Mhadhara kwa wazazi na walimu, Ngamiani, Tanga)

Shikamooni wazee wangu, na nyinyi wengine hamjambo. Mlionisikia mara iliyopita mtaniwia radhi, narudi palepale. Usonji ni nini tulishasema: ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtu apate shida kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, na ang'ang'anie mazoea yaleyale. Leo namtaka yule mtoto mwenye usonji anayeongea, anayefaulu, ambaye mama yake akilalamika anaambiwa: "Huyo hana kitu."

Kuna binti wa Makorora, nilimjua akiwa na miaka 11. Kwa salamu hana mpinzani. Shikamoo, habari za nyumbani, wazima, poleni na jua. Mtaa mzima unamsifu kwa adabu. Siku moja nimekaa barazani kwao, akaja bibi wa jirani, akamkatiza katikati ya salamu: "Mbona umekonda, mjukuu wangu?" Binti kimya. Vidole vikashika pindo la kanga, vikawa vinalisokota, vinalisokotoa. Kisha akaanza upya, toka mwanzo: "Shikamoo bibi. Habari za nyumbani?" Bibi akacheka, akadhani anataniwa. Mimi sikucheka. Mama yake akanieleza kwamba salamu hizo binti anazifanyia mazoezi mbele ya kioo tangu chekechea. Akitoka shule anaingia uvunguni, analala sakafuni saa nzima, hataki kusikia hata mlio wa kijiko. Nyumbani wanasema anadeka.

Mtaniambia, "Mwalimu, hiyo si haya tu?" Hapana! Mwenye haya akishakuzoea anafunguka. Bibi yule kamjua binti tangu anazaliwa, na bado binti anamwendea kwa maneno ya kukariri.

Usonji hauna kipimo cha damu, wala hauonekani kwenye picha ya ubongo. Kinachopima ni historia ya mtoto na macho ya mtu aliyefundishwa kumtazama. Sasa mtoto akae ofisini dakika 10, aitikie vizuri, aandikiwe yuko sawa? Hajapimwa huyo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, ule ulioiingiza ndani ya usonji Asperger, jina walilopewa zamani wenye dalili kama hizi lakini wanaoongea vizuri, unasema dalili ziwe zilianza utotoni, lakini huenda zisijitokeze mpaka mambo anayotakiwa kuyamudu yamzidi, au zikafunikwa na mbinu alizojifunza. Mmesikia? Kioo cha yule binti kimo ndani ya mwongozo.

Kwa hiyo mama aulizwe: akiwa na miaka 3 alichezaje, na nani? Safari ikiahirishwa inakuwaje? Nguo gani hazivai, na kwa nini? Mwalimu naye asitoe alama za hesabu, aseme wakati wa mapumziko mtoto anakaa wapi.

Naona naonyeshwa saa. Watu wazima, neno moja: anayekuja kupimwa ilhali mama yake keshafariki, aje na dada mkubwa au shangazi aliyemlea. Huyo ndiye anayekumbuka.