Bei ya Kazi na Bei ya Matumizi: Picha za Hafla Zinapoingia Katika Matangazo

Mhadhara kwa wapiga picha, Kigoma Mjini

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu wapiga picha wa Ujiji, Mwanga na Kibirizi, na ninyi mliosafiri kutoka Kasulu na Uvinza, nawashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie bei, nami nitazungumzia bei ya aina moja tu, ile inayotusumbua kuliko zote: bei ya picha za hafla ambazo mteja anakusudia kuzitumia kutangaza biashara yake.

Katika harusi na kipaimara, desturi yetu inaeleweka. Mwenye shughuli analipa, anapokea picha zake, anazitia katika albamu na kuwatumia ndugu, na mambo yanaishia hapo. Hafla za taasisi haziishii hapo. Hoteli ya kando ya ziwa inazindua ukumbi mpya. Kampuni inayopeleka watalii Gombe na Mahale inawakaribisha mawakala wake. Benki inakutana na wafanyabiashara wa dagaa na mawese. Shirika linalohudumia wakimbizi wa Nyarugusu linafunga mradi. Wote hawa hutuita kwa bei ya kupiga picha za shughuli, kisha, pengine usiku wa kuamkia shughuli yenyewe, huongeza ombi fupi kwamba watahitaji na haki zote za picha kwa ajili ya matangazo. Ombi hilo linaweza kuwa na thamani kuliko kazi ya siku nzima, na wengi wetu tunalikubali bure kwa sababu tunaogopa kumpoteza mteja.

Msimamo wangu ni kwamba kila profoma, yaani hati ya bei tunayompa mteja kabla ya kazi, ya hafla ya namna hii iwe na mistari miwili inayojitegemea. Mstari wa kwanza ni bei ya kazi: saa za kupiga, msaidizi, usafiri, uchakavu wa kamera na lenzi, siku za kuchagua na kuhariri, na uhifadhi wa nakala. Mstari wa pili ni bei ya matumizi, yaani malipo ya faida ambayo picha itaendelea kumletea mteja baada ya sisi kwenda nyumbani. Mwenye mtumbwi anayeukodisha kwa msimu mmoja wa dagaa hajauuza, wala hatarajii kuukuta ukivua msimu unaofuata bila yeye kuulizwa. Na picha iliyotolewa kwa matumizi ya mwaka mmoja ihesabiwe vivyo hivyo.

Msingi wa kisheria upo. Tanzania imekuwa ndani ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu mwaka 1994, na tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inazihesabu picha miongoni mwa kazi zinazolindwa. Ulinzi huo hausubiri picha iandikishwe, ingawa kuandikisha kazi COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, husaidia sana pale unapotakiwa kuthibitisha kwamba ni yako. Hata hivyo, nawasihi msitegemee sheria iwaandikie makubaliano yenu. Swali la nani anamiliki picha iliyoagizwa na mteja limejibiwa kwa namna tofauti katika nchi na nyakati tofauti: Uingereza, chini ya sheria yake ya mwaka 1956, picha iliyoagizwa kwa malipo ilikuwa mali ya aliyeiagiza, na utaratibu huo ulibadilika pale tu sheria ya mwaka 1988 ilipoanza kutumika mwaka 1989, ikampa umiliki mpiga picha. Kwa hiyo iandikwe wazi katika mkataba kwamba hakimiliki inabaki kwa mpiga picha, na kwamba mteja anapewa leseni ya matumizi yaliyotajwa, na hayo tu.

Matumizi yaliyotajwa ni yapi? Kabla ya kutamka bei yoyote, muulize mteja picha zitaonekana wapi, kwa muda gani, katika eneo gani, ni picha ngapi, na kama anataka awe mtumiaji pekee. Picha moja katika ukurasa wa mtandao wa kijamii na picha hiyo hiyo katika bango la barabarani kuanzia Kigoma hadi Dar es Salaam haziwezi kuwa na bei moja, hata kama zilipigwa kwa sekunde moja na kamera moja. Mteja mwenye bango analielewa jambo hili vizuri kuliko anavyoonyesha, kwa kuwa amekwisha kumlipa mchapaji, amemlipa mwenye eneo, amelipa na ada ya bango, na katika mlolongo huo wote anayeombwa asamehe ni aliyeleta kile ambacho wapita njia watakitazama.

Kuna swali la sita ambalo ni nadra kuulizwa, nami naliona ndilo lenye hasara kubwa zaidi: nani mwingine atazitumia? Hafla moja ya uzinduzi inaweza kuwa na wadhamini watatu au wanne, na mwandaaji huwagawia wote picha kwa nia njema kabisa, kana kwamba ni keki ya ukumbini. Leseni uliyompa mwandaaji ni ya mwandaaji. Kampuni ya simu iliyodhamini jukwaa, ikitaka kujitangaza kwa picha zile, inapaswa kupata leseni yake na kuilipia. Andika katika mkataba kwamba leseni haihamishiki kwa mtu wa tatu bila idhini yako ya maandishi, kisha mpelekee mwandaaji, pamoja na profoma, bei ya kila mdhamini atakayehitaji picha. Ukifanya hivyo mapema, hakuna anayejisikia amevamiwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme bei yako ya kazi kwa uzinduzi wa hoteli ni shilingi 500,000. Mteja anataka picha 10 kwa tovuti na mitandao ya kijamii kwa mwaka 1. Ningeongeza nusu ya bei ya kazi, yaani 250,000. Akitaka pia mabango ndani ya mkoa kwa miezi 6, ningeongeza 500,000 nyingine, na jumla inakuwa 1,250,000. Viwango hivi ni vyangu, na kila mmoja atavirekebisha kulingana na ukubwa wa mteja na soko lake, lakini njia ya kuvifikia inaweza kuelezwa mezani, na hilo ndilo linalompa mteja imani. Anayesisitiza kupata haki zote, kila mahali na daima, simkatalii. Namwekea bei inayolingana na kwamba sitaipangisha tena picha hiyo maisha yangu yote. Wengi wakiiona bei hiyo hugundua kwamba walichohitaji hasa ni mwaka mmoja wa mtandaoni.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya mistari miwili. Mteja akisema bajeti yake ni ndogo, usipunguze bei ya kazi, kwa sababu betri, mafuta na msaidizi havipungui. Punguza matumizi: picha 5 badala ya 10, miezi 3 badala ya mwaka, mtandao bila bango. Na profoma ieleze kama bei imetajwa kabla au baada ya kodi ya zuio, ile inayokatwa na mlipaji kabla hujapokea malipo yako, maana taasisi nyingi hukata.

Sasa niseme juu ya watu walio ndani ya picha, maana leseni yetu haiwezi kutoa kisicho chetu. Mgeni aliyekuja kula chakula cha jioni hakuja kutangaza hoteli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imelitia uzito jambo hili, na kwa picha za watoto, au za mkimbizi ambaye kutambulika kwake kunaweza kumhatarisha, uzito huo ni wa utu kabla haujawa wa sheria. Mkataba useme ni nani atakayekusanya ridhaa za maandishi. Na kama ni wewe, kazi hiyo iwe na bei yake.

Mwisho, leseni yenye muda inahitaji mtu wa kuukumbuka. Andika tarehe ya kwisha katika daftari lako, na mwezi mmoja kabla mwandikie mteja ukimpa bei ya kuongeza muda. Ukikuta picha bado inatumika baada ya tarehe, au imehamia mahali ambapo hamkukubaliana, ipige picha pale ilipo, hifadhi tarehe, kisha tuma ankara ya matumizi hayo ikiwa na nakala ya mkataba, kwa lugha ya heshima na bila vitisho. Mteja muungwana, ambaye mara nyingi hakujua kwamba kijana wake wa matangazo amevuka mpaka, hupewa nafasi ya kulipa kabla jambo halijafika COSOTA au kwa wakili.

Nipo tayari kwa maswali, na nimekuja na nakala za mkataba mfupi wa Kiswahili ambao kila mmoja anaweza kuuchukua na kuurekebisha.