Mwanariadha Chuoni Marekani: Jinsi ya Kujiandaa Kutafuta Kazi

Hamjambo wote. Video hii ni yenu wanariadha wetu mlioko vyuoni Marekani kwa ufadhili wa michezo, mliosafirishwa na mbio mpaka kwenye darasa la uhasibu, uuguzi au kompyuta. Waliotangulia wanaonyesha jinsi darasa hilo linavyoweza kulipa. Mike Boit alishinda shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, akasoma Marekani mpaka shahada ya uzamivu, kisha akawa mhadhiri Chuo Kikuu cha Kenyatta. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kalenda. Tafuta karatasi, chora miezi 12. Mkimbiaji wa masafa marefu hana likizo ya kweli: mbio za nyika huanza Septemba na kufikia fainali za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, mwezi Novemba, mbio za ukumbini zinaisha Machi, za uwanjani zinaisha Juni. Sasa weka alama nyekundu kwenye Septemba na Oktoba. Hiyo ndiyo miezi ambayo vyuo vingi huandaa maonyesho ya ajira, na makampuni makubwa ya uhasibu, benki na teknolojia huanza kutafuta watu watakaoingia kazini kiangazi kinachofuata. Wewe wakati huo uko kwenye basi la timu. Hapa ndipo wengi wanapoachwa nyuma, na wanaachwa bila hata kujua, kwa sababu tangazo limekuja na kupita wakiwa mashindanoni.

Kwa hiyo nenda kwa kocha Agosti, kabla msimu haujashika kasi, ukiwa na tarehe mkononi. Kanuni za NCAA zinaruhusu saa 20 za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, na saa 8 nje ya msimu. Siku ya mashindano huhesabiwa saa 3 tu, na safari haihesabiwi kabisa, kwa hiyo usishangae ukiona wiki yako imeliwa zaidi ya hapo. Lakini ndani ya msimu kuna siku moja ya mapumziko kila wiki. Tenga saa mbili za siku hiyo kwa ajili ya kazi: saa moja ya kutuma maombi, saa moja ya kuzungumza na watu.

Hatua ya pili ni karatasi za visa. Tafadhali isikilize mara mbili. Fungua I-20 yako, ile fomu ya chuo inayoambatana na visa ya masomo, tafuta tarehe ya kumaliza programu. Ombi la OPT, kibali cha kufanya kazi miezi 12 katika fani uliyosomea, linapokelewa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe hiyo hadi siku 60 baada yake. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ikishakupendekeza kwenye mfumo, fomu I-765, ya kuomba kibali cha kazi, iwe imefika USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, ndani ya siku 30. Mahafali mengi ni Mei, fainali za uwanjani ni Juni. Unaweza kuwa mjini Eugene, Oregon, unajiandaa kwa fainali huku siku zako 60 zinakatika. Saa ya visa haimsubiri mtu amalize mbio. Omba Februari au Machi.

Ukitaka mafunzo kazini kabla ya kuhitimu, kuna CPT, kibali cha kufanya kazi ya fani yako ukiwa bado unasoma. Kwa kawaida lazima uwe umesoma mwaka mzima wa masomo kwanza, na kibali kiwe kimeandikwa kwenye I-20 kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Ukifikisha miezi 12 ya CPT ya muda wote, OPT ya kiwango hicho cha masomo imepotea. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo kila hatua uithibitishe na ofisi yenyewe, si kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya tatu, CV. Sahau ile ya nyumbani. Hapa ni ukurasa mmoja: hakuna picha, namba ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa, wala orodha ya wadhamini. Sasa tazama skrini. Mstari wa kwanza unasema: "Mita 10,000, dakika 29:10, nafasi ya saba mashindano ya kanda." Anayeajiri wahasibu hajui hiyo ni kasi au ni pole. Chini yake nimeuandika upya: "Mwanariadha wa timu ya chuo, miaka 4. Hadi saa 20 za mazoezi kwa wiki, wastani wa masomo 3.5. Nahodha mwaka wa nne. Niliwapangia wakimbiaji 6 wapya ratiba ya masomo na safari." Simamisha video, andika wa kwako, kwa namba zako za kweli.

Hatua ya nne: ongea na watu. Waulize walimu wako wa timu ni wanariadha gani waliohitimu wanafanya kazi kwenye fani yako. Waandikie ujumbe mfupi kwenye LinkedIn, uombe dakika 15 za ushauri. Usiombe kazi siku ya kwanza.

Hatua ya tano ni usaili, na hapa malezi yetu yanatubana. Tumefundishwa kutojisifu mbele ya wakubwa, kwa hiyo tukiulizwa tumefanya nini tunajibu, "Timu ilijitahidi." Ni adabu nzuri, lakini msaili anabaki na daftari tupu. Jizoeze kusema "nili" badala ya "tuli". Mfano: "Wenzetu wawili waliumia kabla ya mashindano ya kanda. Nilimfuata kocha, nikajitolea kukimbia mbio mbili, nikakaa na wakimbiaji wapya kila jioni kuwaeleza njia. Tulimaliza wa tatu." Umesema ukweli, na wenzako hukuwadharau. Rudia jibu hilo kwa sauti mbele ya simu yako, ukiitazama kamera machoni, mpaka lisikike kama mazungumzo.

Ya mwisho, ukishaanza OPT. Unaruhusiwa jumla ya siku 90 tu bila kazi, na zinahesabiwa tangu tarehe ya kuanza iliyo kwenye kadi yako ya kibali cha kazi. Ukipata kazi, ingiza jina na anwani ya mwajiri kwenye tovuti ya SEVP, ofisi ya serikali inayofuatilia wanafunzi wa kigeni, ndani ya siku 10. Ukihama nyumba, vivyo hivyo. Kama shahada yako ni ya sayansi, teknolojia, uhandisi au hesabu, uliza mapema kama mwajiri amejiunga na E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki kama mtu anaruhusiwa kufanya kazi, maana bila hiyo huwezi kuongezewa miezi 24 ya OPT.