Masikio ya Mickey, Kivuli cha Fisi

Wazazi wangu mliofika, shikamooni. Vijana, habari za mchana. Nashukuru mmekuja, maana najua hali ya Moshi wiki hii. Jana jioni nimepita stendi: mabasi ya Dar yanashusha watu na maboksi, huku mtu anauliza gari la Rombo, kule mwingine anauliza la Kibosho, wa tatu kabeba godoro kichwani anatafuta la Marangu. Bei ya mbuzi imeshapanda tangu Jumatatu. Krismasi ya huku kwetu ni ya kurudi nyumbani. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mezani hapa nina chungwa moja, visoda viwili na vijiti vya meno. Nachomeka vijiti, nasimika visoda juu ya chungwa, kimoja huku na kimoja huku. Mlioketi mbele yangu mnaona nini? Naam, panya. Wala sijachora macho, sijaweka pua. Duara kubwa na duara mbili ndogo, basi, hata mtoto wa chekechea kamjua.

Sasa naligeuza chungwa ubavu, taratibu. Tazameni visoda. Kimoja kimejificha nyuma ya mwenzake, na huyo mwenzake naye kageuka, kawa mstari mwembamba kama ukingo wa sarafu. Panya kaenda wapi? Mbele yenu limebaki chungwa lenye kijiti.

Hilo ndilo tatizo nililokuja kulisema leo: mhusika wa karatasi akipewa mwili wa kompyuta. Mickey Mouse alionekana sinema New York tarehe 18 Novemba 1928, akiwa kazi ya Walt Disney na mchoraji wake Ub Iwerks. Walimchora kwa duara kwa sababu duara huchoreka haraka, na filamu hula picha nyingi: sekunde moja ni picha 24. Tangu siku hizo, ukiacha majaribio machache ya mwanzoni mwa miaka ya 1940, masikio yake yamebaki duara, atazame mbele, atazame pembeni, ainame au aruke. Kwa mwili wa kweli haiwezekani. Ila kwenye karatasi hakuna nyuma wala ubavu, kuna mstari na macho ya anayetazama, na macho yalikubali kwa zaidi ya miaka 70.

Mwaka 2004 Disney wakatoa Mickey's Twice Upon a Christmas, filamu ya Krismasi ya familia yenye hadithi tano fupi. Ile iliyoitangulia, ya 1999, ilikuwa ya kuchorwa kwa mkono. Hii ya pili ikatengenezwa yote kwa kompyuta: Mickey na Minnie, bata Donald na Daisy, Goofy, na Pluto mbwa wa Mickey, kila mmoja kapewa mwili wa pande zote. Mwaka mmoja nyuma baadhi yao walikuwa wamejaribiwa hivyo katika onyesho la bustani ya burudani ya Disney huko Florida, lakini filamu nzima ya kukaa nayo sebuleni ilikuwa hii. Haikupita kwenye majumba ya sinema. Ilitoka moja kwa moja kwenye DVD, na kwa njia hiyo ilitufikia hata sisi.

Niliitazama kwa dada yangu, mtaa wa Pasua, kwenye deki, na mtoto wake wa kike aliyekuwa na miaka sita. Filamu haijafika dakika tano, mtoto akanigeukia: "Mjomba, huyu siyo Mickey. Ni mdoli wa Mickey."

Sijalisahau neno lile. Nimesoma mengi kuhusu filamu za kompyuta tangu siku hiyo, na sijakutana na hukumu fupi na ya haki kama ile. Ila saa moja baadaye, kwenye hadithi ya mwisho, mtoto huyohuyo alikuwa kaushika mto wa kochi kifuani, ananiuliza kwa sauti ya chini, "Atampata?" Mdoli alishasahaulika. Mickey alikuwa anamtafuta mbwa wake, na mtoto alikuwa anamtafuta pamoja naye.

Nimekuja kuulizana nanyi nini kilitokea katikati.

Kwanza, kwa nini mdoli. Anayechora kwa mkono humchora mhusika upya kwenye kila picha. Akitaka mkono urefuke ili ngumi ionekane ina kasi, anaurefusha kwenye picha mbili, ya tatu anaurudisha. Akitaka masikio yakae anapotaka yeye, anayaweka. Kwenye kompyuta mwili unajengwa mara moja. Unaumba umbo, unatia mifupa ndani yake, unatia ngozi, unawasha taa, halafu unaivuta ile mifupa. Mwili una ukubwa wake na uzito wake, hautaki kuvutika zaidi ya ulivyojengwa. Taa ikipiga ngozi isiyo na vinyweleo wala mikunjo, ngozi inang'aa kama plastiki, na mtoto anayechezea plastiki kila siku ataijua tu. Kuhusu masikio, kuna kuchagua: ama uyaache yawe visoda vya chungwa, yapotee Mickey akigeuka, ama uyafunge kwenye kamera, yateleze juu ya kichwa kila kichwa kinapogeuka. Wengi huyatelezesha. Ukitazama kwa makini utaona sikio linatambaa kichwani. Ukitazama kama mtoto, utaona Mickey.

Sasa kilichomrudisha mtoto. Naanza na sauti, maana sauti haikuguswa. Mickey alisemeshwa na Walt Disney mwenyewe mpaka miaka ya 1940, akapokea Jimmy MacDonald, na tangu 1977 akawa Wayne Allwine, ambaye ndiye yumo kwenye filamu hii. Minnie ni Russi Taylor. Hao wawili walikuwa mume na mke nyumbani kwao, na nikiwasikia wakisemezana humo ndani huwa nalikumbuka hilo kwa furaha. Donald alikuwa Clarence Nash kuanzia 1934 hadi Nash alipofariki mwaka 1985, na aliyepokea, Tony Anselmo, alifundishwa na Nash mwenyewe. Sauti zile zilirithishwa kama fundi anavyomwachia mwanafunzi wake patasi. Mwili ulibadilishwa wote, sauti ikaingia na urithi wake.

Donald ananifaa kwa mfano mwingine. Nusu ya maneno yake hayashikiki, hata kwa mwenye Kiingereza chake. Tunamwelewa kwa kifua kinavyojaa, shingo inavyoingia mabegani, mguu mmoja unavyopiga chini. Katika hadithi yake humu anataka kitu kimoja tu, akae kwake kwa utulivu. Wapwa wake watatu na Daisy wanamkokota madukani, na wimbo mmoja wa Krismasi unamfuata kila aendako mpaka analipuka. Zimeni sauti ya luninga mtazame kipande hicho. Mtajua ni Donald na mtajua kakasirika kiasi gani. Hasira yake ina umbo, na umbo hilo lilivuka kutoka kwenye karatasi likaingia kwenye kompyuta bila kuguswa.

Hadithi za Minnie na Daisy wakishindana kuteleza kwenye barafu, na ya wale bata watatu wanaosafiri hadi Ncha ya Kaskazini wakaingize majina yao kwenye orodha ya watoto wema, zinachangamsha. Mtazitazama wenyewe. Ninayotaka tukae nayo ni ya Goofy.

Goofy ana mtoto, Max. Humu Max keshakuwa kijana mkubwa, na Krismasi hii anamleta nyumbani msichana wake, Mona, aonane na baba. Ndugu zangu wa Moshi, mnahitaji maelezo zaidi? Nani hapa hajaliona jambo hilo? Kijana katoka Dar na mchumba, kavaa vizuri, njia nzima anaomba moyoni mzee asianze. Wanashuka kwenye gari, migomba huku na huku, mbwa anabweka, na kabla mgeni hajaketi mzee keshatoa albamu. Picha ya kwanza, kijana yuko uchi kwenye beseni. Mama anapita na sahani ya ndizi nyama, anaongeza kwamba huyu aliacha kukojoa kitandani akiwa darasa la pili. Kijana anatazama chini. Na mgeni anacheka, anavuta kiti karibu na mzee, anasema, "Baba, hebu hiyo nyingine."

Ndiyo hadithi ya Max. Kila Goofy anavyozidi kumkarimu mgeni, ndivyo anavyozidi kumwaibisha mwanawe, hadi Max anapotambua kwamba Mona hajakerwa hata kidogo. Hapo hakuna uchawi wala vita vya kuokoa dunia. Ni aibu ya nyumbani, ile inayompata mtu mbele ya wanaompenda. Kwa hiyo naamini waliomchagulia Goofy hadithi hii walijua kazi yao. Mwili mpya unatia mashaka, basi ukautia ndani ya jambo ambalo kila mtazamaji ameshaliishi. Anayecheka kwa kumkumbuka baba yake hana muda wa kuchunguza plastiki.

Halafu Pluto. Pluto hasemi. Alianza mwaka 1930 na ni mbwa kweli: hana shati, hana sentensi. Humu anaharibu mapambo ya Mickey akidhani anasaidia, anafokewa, anaondoka nyumbani na kufika mpaka kwa kulungu wa Santa. Bila neno lolote lazima tujue kwamba kaumia. Mtengenezaji ana masikio, nyusi, mkia na mgongo, basi. Mgongo wa Pluto akifokewa ndio uliomfanya mpwa wangu aukamate ule mto. Unalegea kuanzia mabegani kwenda nyuma, mkia unafika chini mwisho kabisa. Niliirudisha sehemu hiyo mara nyingi sana baada ya mtoto kulala. Mbwa wa dada yangu anafanya vilevile akifukuzwa jikoni.

Niseme kidogo kuhusu theluji, maana filamu nzima imejaa theluji na kuna mzazi aliniuliza mlangoni kama inawahusu watoto wetu. Watoto wa Moshi huiona theluji kwa macho kila mawingu yanapoondoka juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Wengi wao hawajaigusa. Wana hamu nayo, na hamu ndiyo inayomweka mtoto mbele ya filamu ya Krismasi.

Sasa turudi kwetu. Wengi wenu mnaoketi nyuma mmeshapakua Blender, programu ya bure, na nimeona kazi zenu. Mnajua kuwasha taa, mnajua kutia mifupa. Mmeniletea panya, simba, watoto wenye macho makubwa. Nikiuliza huyu ni nani, mnaniambia kavaa nini.

Tunao wahusika wanaojulikana. Panya wa vibonzo vya Masoud Kipanya, ukimkuta gazetini unajua atachokonoa jambo kabla hujasoma maneno yake. Wanenu wadogo wanamjua Akili wa katuni za Ubongo, mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya mlima wetu huu. Na kabla ya hao wote wapo Sungura na Fisi, ambao hawana mchoro mmoja rasmi popote. Bibi yangu hakuwahi kunionyesha picha ya Fisi. Alimsemesha kwa puani, maneno yakivutika kama mtu mwenye njaa aliyesikia harufu ya nyama, na akifika kwake alikuwa anashusha bega moja. Bega moja tu. Mpaka leo nikimwona mtu kashusha bega lile, nashika mfuko wangu.

Mickey alianza na mstari, na waliompeleka kwenye kompyuta walilazimika kuubeba mstari huo na masikio yake yasiyowezekana. Fisi wetu alianza na sauti na bega. Hana masikio ya kutelezesha, hana deni la karatasi. Mwili wowote mtakaomjengea atauingia, mradi bega lishuke na sauti itoke puani. Hiyo ni nafasi ambayo wale wa mwaka 2004 hawakuwa nayo, na inaniuma kuona mnaiacha mkikimbilia kunyoosha manyoya.

Kwa hiyo leo kompyuta zibaki kwenye mabegi. Mlipoingia kila mmoja alipewa tonge la udongo afinyange mhusika mmoja wa ngano za nyumbani kwao. Mama mmoja pale kafinyanga pia, nimemwona, asifiche. Naomba mtu wa dirishani avute mapazia. Nawasha tochi ya simu, naweka kazi moja mbele yake, ninyi tazameni ukutani. Hamtaona rangi, hamtaona macho, hamtajua aliyeifanya. Nitaizungusha polepole kama nilivyozungusha chungwa, na mkimjua, semeni jina.

Hii ya kwanza. Nazungusha.

Nimesikia Fisi huko nyuma. Nani kasema? Umemjuaje, binti, kwa masikio?

Kwa bega. Haya, leteni inayofuata.