Ledley King: Beki Aliyecheza Bila Kufanya Mazoezi na Wenzake

Mabibi na mabwana, ningependa tumtazame Ledley King, beki wa kati aliyezaliwa Bow, mashariki mwa London, mwaka 1980, ambaye katika maisha yake yote ya soka la kulipwa hakuvaa jezi ya klabu nyingine isipokuwa ya Tottenham Hotspur, maarufu kama Spurs. Aliichezea mechi 323 kuanzia mwaka 1999, idadi ambayo ingekuwa kubwa zaidi kama si goti lake.

Gegedu la goti hilo lilikuwa limelika kiasi kwamba mifupa ilisuguana, na kocha wake Harry Redknapp alieleza hadharani kwamba hapakubaki kitu cha kufanyiwa upasuaji. Kila baada ya mechi goti lilivimba. Kwa hiyo, wenzake walipokuwa uwanjani wakifanya mazoezi, nahodha wao alikuwa kwenye bwawa la kuogelea au akinyanyua vyuma, kisha siku ya mechi anaingia kumkabili mshambuliaji aliyejinoa wiki nzima.

Tukumbuke Novemba 2006, Spurs walipoifunga Chelsea 2-1, ushindi wao wa kwanza wa ligi dhidi ya timu hiyo tangu 1990. Arjen Robben, winga mwenye kasi ya kutisha, alikuwa amebaki na kipa tu. King alimfukuza kutoka nyuma, akamfikia ndani ya eneo la hatari, akanyoosha mguu na kuuondoa mpira pasipo madhambi. Hapo ndipo ulipo ubora wake hasa: hakuvuta jezi wala kusukuma, bali alisoma mchezo mapema na kungoja wakati ambao mpira umemtoka adui mguuni. Mshambuliaji Thierry Henry mwenyewe aliwahi kumsifu kwa jambo hilohilo.

Bao lake dhidi ya Bradford City mwaka 2000, lililofungwa ndani ya takriban sekunde 10, lilibaki la mapema zaidi katika Ligi Kuu hadi 2019. Mwaka 2008 aliinua Kombe la Ligi pamoja na mchezaji mwenzake Robbie Keane.

Timu ya taifa ya England ilimpata mara 21 tu. Kombe la Dunia la 2010 nchini Afrika Kusini, kocha wa England, Fabio Capello, alimpanga dhidi ya Marekani, na kufikia mapumziko alikuwa ameumia nyonga. Wapo wanaomlaumu Capello kwa uteuzi huo. Mimi naona alikuwa na haki ya kuujaribu, kwa kuwa msimu uliotangulia King alikuwa ameisaidia Spurs kushika nafasi ya nne na kufuzu Ligi ya Mabingwa. Alistaafu Julai 2012, akiwa na umri wa miaka 31.