Mtindio wa ubongo unavyobadilika sura

Asanteni. Humu ndani naona wakunga wengi na wazazi wachache, basi takwimu nitazipunguza.

Watoto wenye mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa mwendo unaotokana na ubongo kudhurika ungali unakua, hawafanani, na aina inayotawala hubadilika kadiri tiba inavyobadilika. Chukueni Ulaya ya miaka ya 1950. Walikuwapo wengi wa aina ya kujinyonganyonga: mtoto anataka kikombe, mkono unampeleka pembeni, vidole vinatanuka, uso unakunjamana, na mara nyingi akili yake ni timamu kabisa. Chanzo kimoja kikubwa kilikuwa umanjano wa kichanga uliofika ubongoni, hasa makundi ya damu yasipopatana, mama akiwa Rh hasi na mtoto Rh chanya, na kinga ya mama ikaivunja damu ya mtoto. Mwaka 1956, hospitali ya Rochford, Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa na mazoea ya kuwatoa vichanga nje wapate jua. Akaona pale palipopigwa na jua umanjano umefifia. Kutoka hapo zikaja taa mnazozijua za kutibu umanjano, na mwishoni mwa miaka ya 1960 sindano ya anti-D, inayomzuia mama Rh hasi asitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto. Aina ile ikapungua sana.

Ikaja nyingine. Magharibi mwa Sweden wanaandikisha watoto hawa tangu waliozaliwa 1954. Idadi ilishuka, kisha kuanzia miaka ya 1970 ikapanda, kwa sababu njiti sasa walikuwa wanaishi. Wengi wao miguu inakaza na kupishana wanaposimama. Wapo waliouliza kama hospitali nzuri ndizo zinazoleta ulemavu. Mimi nawajibu: hao zamani walikuwa wanazikwa. Huduma ilipozidi kuboreka, idadi ikashuka tena. Leo nchi tajiri zina takriban mtoto 1.6 kwa kila vizazi hai 1,000, badala ya 2.

Sasa Uganda, jirani zetu. Utafiti wa wilaya za Iganga na Mayuge, uliochapishwa 2017, ulipata karibu watoto 3 kwa kila 1,000. Waliozaliwa njiti walikuwa wachache mno. Si kwamba hawazaliwi. Hawakufika umri wa kuhesabiwa. Karibu robo waliupata mtindio baada ya kipindi cha uchanga, kwa malaria kali, degedege na maambukizi mengine. Na watoto wakubwa walikuwa wachache kuliko wadogo, ilhali ugonjwa huu hauponi. Fikirieni wenyewe wamekwenda wapi.

(Wakunga, msijibebeshe lawama yote. Daktari Little, Mwingereza wa kwanza kuueleza ulemavu huu kwa kina, mwaka 1861 lawama aliitupia leba. Freud, daktari huyohuyo aliyepata umaarufu kwa kufasiri ndoto, mwaka 1897 akasema uzazi mgumu wakati mwingine ni dalili ya tatizo lililoanza tumboni. Sehemu kubwa alikuwa sahihi.)

Wodi zetu za njiti zinapanuka. Miaka ijayo kliniki zitaona miguu mingi zaidi inayokaza, na kuna mtu atasimama kusema huduma imeharibika. Mwonyesheni zile namba za Sweden, halafu mwulizeni wilaya yake ina mtaalamu wa fiziotherapia mmoja au hana kabisa.