Presha ya Usiku kwa Mwenye Kisukari

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za asubuhi. Naona wengi mmekuja na madaftari ya kliniki. Hebu yafungueni. Presha zilizoandikwa humo zilipimwa saa ngapi? Saa mbili asubuhi, saa tatu, mtu ametoka kugombania mwendokasi Kimara akakaa kwenye benchi. Ya saa nane usiku haimo hata moja, na kwa mwenye kisukari hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi.

Kwa kawaida mtu akilala, ile namba ya juu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa wenye kisukari wengi haishuki kiasi hicho, na wapo ambao hupanda. Chukueni mzee ambaye wastani wake wa mchana ni 138. Usiku tungetegemea 124 kurudi chini. Akifungwa kipimo cha saa 24, yaani mkanda wa mkononi unaopima presha wenyewe mchana na usiku, usiku anatoa 134. Kashuka 4 tu, sawa na asilimia 3. Kliniki kapewa hongera kwa kuwa hajafika 140, kumbe moyo na figo zimekesha kazini. Kwa kipimo hicho, wastani wa usiku ukifika 120/70 tayari ni presha ya kupanda.

Sababu ni kadhaa. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu inayoongoza moyo na mishipa ya damu. Figo zikichoka, chumvi ya mchana haitoki yote, kwa hiyo mwili unaendelea kuisukuma usiku, na kuisukuma kunataka presha. Kuna pia kukoroma kunakokata pumzi. Hapo shahidi ni mwenzako wa kitandani, muulize.

Mishipa hiyo ya fahamu ikiharibika, mtu huyohuyo anaweza kuwa na presha ya juu akilala na ya chini akisimama. Lala dakika 5, pima. Simama, pima baada ya dakika 1, kisha ya 3. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, daktari ajue kabla hajaongeza dozi. Akiongeza kwa kuangalia 160 ya kitandani peke yake, mzee ataanguka alfajiri akielekea chooni.

Ukifungwa kipimo cha saa 24, mkanda hujaa kila dakika 20 au 30 mchana, na usiku kwa nafasi kubwa kidogo. Ukijaa, tuliza mkono. Andika saa uliyolala kweli na uliyoamka. Mlinzi wa zamu ya usiku, usiku wake ni saa nne asubuhi. Asipoandika, majibu yote yatasomwa kinyume.

Mashine ya nyumbani haioni usingizini, lakini inasaidia. Kojoa kwanza, kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, na usizungumze. Kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa. Pima mara mbili asubuhi kabla ya dawa, mara mbili jioni, kwa siku 7. Za siku ya kwanza ziache, zilizobaki tafuta wastani. Ukifika 135/85, nenda kliniki. Mama mwenye mkono mnene akitumia mkanda mdogo atapata presha ambayo hana, hivyo pimeni mzingo wa mkono kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kununua.

Je, dawa ihamishiwe usiku? Utafiti wa TIME wa Uingereza, uliotoka 2022 ukiwa na watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti ya kupatwa na shambulio la moyo au kiharusi kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni. Chagua saa ambayo hutasahau. Dawa ya kukojoza tu ndiyo inasumbua ukiimeza jioni.

Na siku ya kupima sukari bila kula, msiache vidonge vya presha, vimezeni na maji, isipokuwa daktari amesema vinginevyo. Vya sukari na insulini ya chakula ndivyo visubiri mpaka mle.