Paul Robeson na Jembe la Wales

Ndugu Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Kila ninapozungumza juu ya Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji mweusi wa Marekani, hutokea msikilizaji akauliza Mmarekani ameingiaje katika mada ya sanaa ya Uingereza, na nimelijibu swali hilo mara nyingi hata wanafunzi wangu hunitangulia kulijibu. Robeson aliishi London zaidi ya miaka 10, hadi 1939. Filamu zake nyingi alizicheza Uingereza, si Hollywood. Na katika mji huohuo, katikati ya miaka ya 1930, aliketi darasani akajifunza Kiswahili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la Robeson alipewa na wachimba makaa ya mawe wa Wales.

Inasimuliwa kuwa mwaka 1929 alikutana barabarani London na wachimbaji waliokosa kazi, ambao walikuwa wametembea kutoka mabonde ya kusini mwa Wales wakiimba ili wapate chochote, naye akajiunga nao. Kutokana na usuhuba huo ilikuja filamu ya The Proud Valley, iliyotolewa mwaka 1940, ambamo anacheza baharia mweusi anayepata kazi mgodini kwa sababu kwaya inaihitaji sauti yake ya besi.

Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kwa ajili ya siasa zake. Wachimbaji waliendelea kumwalika, na tarehe 5 Oktoba 1957 wakapata njia: yeye akiwa studioni New York, wao wakiwa ukumbini Porthcawl, kusini mwa Wales, watu wapatao 5,000, sauti yake ikapitishwa katika waya wa simu uliolazwa chini ya Atlantiki mwaka mmoja tu kabla. Aliwaimbia, nao wakamwimbia. Naomba mnivumilie nikawie hapa, maana wanahistoria wa filamu hupita mbio. Huyu ni mtu ambaye mamilioni walilipa kiingilio ili waione sura yake, na siku hiyo hapakuwa na sura wala pazia, ila vipaza sauti na watu waliotulia kama wako kanisani. Na ni siku hiyo, kuliko filamu yoyote aliyoicheza, ambayo wasanii wa Uingereza wameirudia. Mwaka 2001 kundi la Manic Street Preachers, vijana wa mabonde yaleyale, walitoa wimbo unaodai kwamba Robeson aachwe aimbe. Baadaye Steve McQueen, mzaliwa wa London, alitengeneza kazi nzima ya sanaa kutokana na majalada ya majasusi waliomfuatilia.

Najua kuna mtu huko nyuma ambaye amekwisha nyoosha mkono anikumbushe Sanders of the River, ya mwaka 1935, filamu iliyomsifu mtawala wa kikoloni. Sitaitetea, kwa kuwa Robeson mwenyewe aliikana. Lakini miongoni mwa waliojaza nafasi ndogondogo katika filamu hiyo alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London wakati huo, kwa hiyo tusimtwishe Robeson peke yake mzigo ambao hata Mzee aliushika ncha.

Nimebakiwa na dakika chache na sijaligusa jukwaa, jambo ambalo hunitokea kila mara. Alicheza Othello, jemadari mweusi wa tamthilia ya Shakespeare, London mwaka 1930, Peggy Ashcroft akiwa Desdemona mkewe, na akarudia Stratford-upon-Avon mwaka 1959. Wanaosema kwamba baada ya hapo Waingereza walibadilika wanajidanganya. Mwaka 1964 Laurence Olivier, mzungu, alijipaka weusi akaicheza nafasi hiyo katika National Theatre, jumba la taifa la maigizo, akashangiliwa. Mwaka 1981 BBC ilimpa nafasi hiyo Anthony Hopkins, mzungu pia. National Theatre haikumpa mwigizaji mweusi nafasi ya Othello hadi mwaka 1997, alipoichukua David Harewood, miaka 38 tangu Stratford.